Sindano Isiyopanda

Kwetu gari likiugua, huugua homa.
Nimekulia Ilula, juu ya mlima Kitonga,
malori yalitufikia yakitoa mvuke puani,
dereva kazungushia kitambaa mkononi
anafungua kifuniko cha rejeta taratibu
kama anayemwamsha mama mkwe.

Sasa niko Sudbury, Ontario, mwezi wa pili,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
na gari langu la mkono wa nne halina homa.
Natoka zamu ya usiku, naendesha nusu saa,
sindano ya joto imelala pale pale chini
kama mtoto aliyesusa uji.
Hita inanipulizia upepo wa friji.
Nakwangua kioo kwa ndani, kwa kadi ya benki.

Kila mtu ana ugonjwa wa kunigawia.
Ghislain wa kazini: pampu ya maji. Liuze.
Gereji ya barabara kuu: gasketi,
dola elfu mbili na mia nne, kodi bado.
Atupele, mwanangu, miaka tisa:
labda limechoka na theluji, mama, kama wewe.

Jirani yetu Veikko Lehtinen, mstaafu wa mgodi wa nikeli,
miaka mitatu salamu yake ni kidevu tu.
Siku ile alivuka ua, tochi mdomoni.
Hakutaja ugonjwa. Aliuliza:
linaanzaje, likiwa baridi?

Washa, akasema. Shika mpira wa juu.
Nikavua glavu, nikaushika
kama ninavyoshika vifundo vya wazee kule kazini.
Gari zima, alisema, mpira huu hukaa baridi,
unangoja, unangoja,
kisha moto unaingia kwa kishindo.
Wangu ulianza uvuguvugu dakika ya kwanza,
uvuguvugu wa chai iliyosahaulika,
na haukuongeza.

Mlango haufungi, akasema.
Maji yanakimbilia nje kabla hayajaiva.

Bandani kwake tulikitoa: themostati,
kidude cha shaba kinachoenea kiganjani.
Akakiinua kwenye taa. Mwanga ukapita katikati.
Baridi yote ile, nacho kimeachama.

Kipya nilikinunua dola kumi na tisa.
Kabla ya kukifunga alitaka kukiona kikifanya kazi,
basi tukakitumbukiza kwenye sufuria yangu ya ugali,
pembeni kipimajoto cha jemu cha marehemu mkewe,
na Atupele juu ya kigoda, anasoma namba.
Sitini. Kimya.
Sabini na tano. Kimya, mapovu madogo tu.
Themanini.
Mama, hiki nacho kibovu.
Themanini na nane, kikafumbua mdomo,
unywele mmoja, kisha ukucha, kisha wote.

Tukarudi bandani na spana.
Maji ya kijani, nusu kwa nusu,
hita imefunguliwa hadi mwisho,
tukaiminya mipira kama wakamuao ng'ombe
na hewa ikatoka ikikoroma.
Usiiache ndani, akasema Veikko,
hewa huifanya sindano iseme uongo.
Mimi nilikuwa naitazama sindano.
Ilijivuta. Ikapita alama ya kwanza.
Ikafika katikati, ikatulia,
na vidole vya miguu vikaanza kuniuma,
yale maumivu ya kitu kinachorudi.

Sufuria niliisugua mara tatu
na bado ugali wa jioni ulinukia chuma kidogo.
Tulikula watatu, kwa maharage.
Veikko alifinyanga tonge kwa kutuiga,
akala kimya, akafinyanga jingine,
kimya, Atupele akinikonyeza.
Tonge la nne ndipo akafumbua mdomo:
Aila, alisema, alipika jemu ya matunda ya porini,
na alikuwa akiimba vibaya sana.
Akaendelea mpaka saa nne ya usiku.
Kipimajoto hakukumbuka kukichukua.